TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 9: "Mama, kwa nini huli?"



Ndugu zangu katika imani, kina mama na kina baba, vijana, na wazee wetu ambao mnasomewa ujumbe huu na wajukuu: tunamshukuru Allah (s.w.) aliyetufikisha siku ya tisa ya mwezi huu mtukufu. Aliyefunga Allah amkubalie. Mgonjwa na msafiri Allah awape wepesi wa kulipa.

Jana baada ya tarawehe nilipokea swali kutoka kwa mama mmoja wa hapa hapa Shirimatunda. Ameniruhusu nilijibu kwa wote bila kumtaja. Anasema ana mtoto wa miaka mitatu. Kuanzia asubuhi mpaka magharibi mtoto anauliza swali moja tu: "Mama, kwa nini huli?" Anamjibu, "Mama amefunga." Hazipiti dakika mbili: "Mama, kwa nini huli?" Anajibu tena. Anafuata nyuma mpaka jikoni, mpaka bombani, mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo: "Mama, kwa nini huli?" Ikifika saa tisa alasiri, jua kali, koo limekauka, ndizi za futari hazijamenywa, mama anajikuta amepaza sauti: "Nyamaza! Umeuliza mara ngapi?" Mtoto analia, na mama naye moyo unamuuma. Sasa anauliza: Ustadhi, swaumu yangu imeharibika?

Tuanze na jibu la fiqhi maana ndilo aliloliuliza. Hapana, dada yangu, swaumu yako haijabatilika. Kumkaripia mtoto hakumo katika mambo yanayofunguza. Endelea na funga yako, hudaiwi siku. Lakini sote tunajua Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuacha chakula na kinywaji peke yake siyo shabaha ya swaumu, na kwamba mfungaji akichokozwa aseme, "Mimi nimefunga." Kama tumeagizwa tujizuie hata kwa mtu mzima anayetutukana, basi huyu wa miaka mitatu ambaye hajatukana mtu, ameuliza tu, ana haki zaidi ya kupewa ulimi laini.

Hilo ndilo jibu fupi. Lakini swali hili lina kina, na naamini halipo katika nyumba moja tu. Basi leo tulikalie kidogo.

*Mtoto anauliza nini hasa?*

Sisi tuliosomea ualimu tunafundishwa kwamba mtoto akianza kurudia swali, mwalimu kwanza alichunguze jibu lake mwenyewe. Hebu tulichunguze hili. Mtoto ameuliza "kwa nini huli?" Akaambiwa "mama amefunga." Sasa jiwekeni kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitatu. Yeye neno "kufunga" analijua. Kufunga ni kufunga mlango. Kufunga ni kufunga kamba ya kiatu. Kufunga ni kumfunga mbuzi kwenye mti. Anakutazama na kujiuliza: mama amefunga nini? Mlango gani? Na mlango uliofungwa unahusiana nini na chai ambayo mama hanywi? Kwa hiyo anauliza tena. Wewe unaona amerudia swali, kumbe yeye anaona hajajibiwa.

Hili halina ukaidi hata chembe. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani, Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman, walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo wanaouliza "kwa nini" na "vipi". Walichokiona ni kwamba mtoto akipewa maelezo yenye sababu ndani yake, mara nyingi huridhika, au huuliza swali jipya linalosogeza mbele mazungumzo. Akipewa jibu lisilo na sababu, hurudia swali lile lile, au hujitungia sababu yake mwenyewe. Miaka miwili kabla yao, mwaka 2007, Michelle Chouinard alichapisha hesabu ya maswali ya watoto wanne waliorekodiwa wakizungumza na watu wazima. Katika saa zipatazo 230 yalipatikana maswali zaidi ya 24,000. Yaani zaidi ya maswali 100 kwa saa moja! Kwa hiyo, kina mama wa Shirimatunda, msidhani wa kwenu ana tatizo. Ndivyo Allah alivyowaumba. Mtoto hatafuni wali tu akakua. Anatafuna na maswali.

Kwa uzoefu wa madrasa na wa nyumbani, mtoto hurudia swali kwa sababu kama nne.

Ya kwanza ni hiyo: jibu halikufika.

Ya pili: anataka kuhakikisha kwamba jibu la leo ni lile lile la jana. Mtoto dunia kwake ni mpya, kila kitu kinatikisika. Akiuliza mara tano akapata jibu moja mara tano, moyo wake unatulia kwamba hapa nimesimama kwenye ardhi ngumu. Na msimcheke kwa hilo. Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye ni kipenzi cha Allah, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Alipoulizwa kama haamini, alisema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Kisa kipo Suratul Baqarah, aya ya 260. Allah hakumfokea. Alimwagiza achukue ndege wanne, akamwonyesha. Ikiwa Nabii aliomba utulivu wa moyo, mtoto wa miaka mitatu ataachaje?

Ya tatu: wakati mwingine jambo lenyewe limebadilika, sisi tumezoea hatuoni. Sisi tunaokaa chini ya mlima tunalijua hili. Asubuhi ukifungua mlango Kibo hicho hapo, cheupe, mpaka unadhani utakigusa. Ikifika saa nne wingu limefunika. Mtoto anauliza, "Baba, mlima umeenda wapi?" Unamwambia haujaenda popote, wingu limeufunika. Kesho yake saa nne anauliza tena, na wewe unasema, "Si nilikwambia jana?" Jana ulimwambia habari ya wingu la jana. Leo mlima umepotea upya mbele ya macho yake. Ana haki ya kuuliza.

Ya nne: hataki jibu, anakutaka wewe. Swali ndiyo kamba pekee aliyonayo ya kukuvutia kwake. Umeshika simu, umeshika sufuria, umeshika jirani kwa maongezi. Yeye hana pesa ya kukununua wala nguvu za kukubeba. Ana "kwa nini" tu. Anaitupa kama mtu anayebisha hodi, na hodi haibishwi mara moja.

*Nani anarudia kuliko wote?*

Ndugu zangu, tujiulize na sisi. Kila siku katika swala za faradhi tuna rakaa 17, na katika kila rakaa tunasoma Suratul Fatiha, na ndani yake tunaomba jambo moja: tuongozwe njia iliyonyooka. Mara 17 kwa siku, ombi moja, maneno yale yale. Hapo hujahesabu sunna, hujahesabu tarawehe. Mtu wa miaka 60 ameomba ombi hilo mara ngapi? Na je, kuna siku mlango umefungwa, tukaambiwa, "Si mmeshaomba alfajiri?" Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba Allah hachoki mpaka sisi tuchoke.

Na Yeye Mola wetu, anapotufundisha, anarudia. Ifungueni Suratur Rahman. Ina aya 78, na ndani yake swali moja limerudiwa mara 31: ni neema ipi ya Mola wenu mnaikanusha? Mara 31 katika sura moja! Wala hakuna anayeisikiliza akaona imezidi. Kila mara swali linakuja baada ya neema nyingine au onyo jingine, na kila mara linagonga upya.

Na mwezi huu wenyewe ni mwezi wa kurudia. Jibril (a.s.) alikuwa akimjia Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani wakidurusu Qur'ani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Qur'ani ile ile aliyoihifadhi. Sasa sisi tunaohitimisha juzuu kila usiku tukiona kurudia ni ibada, tukirudi nyumbani tunaonaje kurudia ni usumbufu?

Mtazame Mtume wetu (s.a.w.) alivyoulizwa. Alikuja mtu akamuuliza: ni nani mwenye haki zaidi ya kufanyiwa wema na mimi? Akajibiwa: mama yako. Akauliza: kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Baba yako. Hadithi hii kila mtu anaijua, tunaisoma kwenye harusi na kwenye misiba. Lakini je, tumewahi kugundua kwamba elimu yote hii tumeipata kwa sababu kuna mtu alirudia swali mara nne na hakuna aliyemwambia nyamaza? Angekatizwa kwenye la kwanza, tungepata theluthi ya haki ya mama.

Mwingine alikuja akaomba nasaha. Akaambiwa: usikasirike. Akaomba tena, akaambiwa: usikasirike. Akarudia mara kadhaa, na jibu likawa hilo hilo kila mara. Kuna mafunzo mawili hapa. Moja liko kwenye neno, la pili liko kwenye namna lilivyosemwa. Anayefundisha watu wasikasirike aliulizwa jambo moja mara nyingi, na hakukasirika.

*Mtume (s.a.w.) na watoto wenyewe*

Anas bin Malik (r.a.) aliletwa kumhudumia Mtume akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akamhudumia miaka kumi. Ushuhuda wake ni kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata "uff". Sasa unganisheni hilo na Suratul Israa, aya ya 23, pale Allah alipotukataza tusiwaambie wazazi wetu hata "uff". Neno tuliloharamishiwa kwa wazazi, Mtume (s.a.w.) hakulitumia hata kwa mtoto anayemtumikia.

Anas alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, naye alikuwa na kindege anachocheza nacho. Kindege kikafa. Katika mapokezi ya Bukhari, Mtume (s.a.w.) kila alipokuja alimuuliza: Abu Umayr, kindege kimefanya nini? Kila alipokuja! Mmeona? Hapa mtu mzima ndiye anayerudia swali kwa mtoto. Mbeba ujumbe wa walimwengu wote ana muda wa kuuliza habari za kindege. Alijua kwamba kwa mtoto yule, msiba wa mji mzima ulikuwa huo.

Na Umm Khalid, binti mdogo aliyezaliwa Uhabeshi katika familia ya waliohamia huko. Alipoletwa kwa Mtume (s.a.w.), alisemeshwa kwa neno la Kihabeshi, akasifiwa nguo yake. Mtoto akaanza kuchezea muhuri wa utume mgongoni mwa Mtume. Baba yake akamkaripia. Mtume akasema amwache. Tazameni: alimshukia mtoto kwenye lugha yake. Hata mjukuu wake Hasan alipotia mdomoni tende ya sadaka, Mtume alimkataza kwa sauti ya kitoto, ya "kikh, kikh", ili aiteme, kisha akampa sababu: sisi hatuli sadaka. Alimkataza, na juu ya hapo akamweleza. Hiyo ndiyo sunna: hata katazo la mtoto lina "kwa sababu" yake.

*"Shehe, mnawadekeza watoto"*

Najua kuna mzee wangu anasoma hapa anatikisa kichwa. Anasema: sisi tulilelewa kwa kunyamaza na tumekuwa watu. Tena atanikumbusha kisa cha Bani Israil na ng'ombe, Suratul Baqarah aya ya 67 mpaka 71: waliambiwa wachinje ng'ombe, wakaanza, ni wa namna gani, ni wa rangi gani, mpaka wakajitia ugumu wenyewe. Na atanitajia hadithi inayochukiza kukithirisha maswali.

Mzee wangu, hoja yako ni ya haki na inastahili jibu. Wale wa ng'ombe walikuwa watu wazima, amri wameielewa, na maswali yao yalikuwa njia ya kuikwepa kazi. Na kukithirisha maswali kulikochukiza, wanavyuoni wamekufafanua kuwa ni kuombaomba mali za watu, au kuuliza kwa ubishi na kutafuta yasiyo na faida. Mtoto wa miaka mitatu hakwepi kazi wala habishani. Ndiyo kwanza anaijua dunia.

Lakini ninakubaliana nawe katika jambo moja: kuuliza kuna adabu yake, na adabu inafundishwa. Mtoto asimkatize bibi anapozungumza. Asikuvute kanzu ukiwa kwenye swala. Mwambie, "Subiri nimalize, halafu nitakujibu." Ila ukishasema hivyo, ukimaliza mjibu kweli. Yupo mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu, Mtume (s.a.w.) akamuuliza alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa, ingeandikwa kwake kuwa ni uongo. "Nitakujibu baadaye" nayo ni ahadi. Inaandikwa.

*Kinachopotea tukimnyamazisha*

Tusidhani hili ni jambo dogo la kelele za ndani. Mtoto akiambiwa "nyamaza" kila siku, kuna siku atanyamaza kweli. Na siku hiyo utaiona ni raha, kumbe ni hasara.

Mtoto mdogo hana lugha ya kuripoti. Akifanyiwa ubaya na mtu, hatakuja kusema nimefanyiwa kadhaa wa kadhaa. Atakuja na swali: "Mama, kwa nini yule kaka ananiambia nisiseme?" Au, "Baba, kwa nini lazima nikaoge kwa fulani?" Na pengine atauliza ukiwa umechoka, saa tisa ya alasiri, ndizi hazijamenywa. Ukimjibu kwa ukali, swali hilo hataliuliza mara ya pili. Jamani, mlango huu tusiufunge. Na ukisikia swali la namna hiyo, acha kila kitu, msikilize, usimpigie kelele, kisha chukua hatua: kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Aibu ya familia haina uzito mbele ya amana ya Allah.

Serikali yetu nayo mwezi Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na moja ya nguzo zake inaitwa malezi yenye mwitikio. Maana yake mtoto akitoa sauti, apate itikio. Waislamu tusilione hili ni jambo la kigeni. Tumeshalisoma kwa Abu Umayr.

*Swali lililo zito kuliko yote*

Kuna nyumba katika jamaa yetu ambayo baba alifariki kabla ya Ramadhani kuingia. Ameacha mjane na mtoto mdogo. Kila magharibi mkeka ukitandikwa, mtoto anauliza: "Baba anakuja saa ngapi?" Mama amejibu siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Kila jibu ni kama kuzika upya. Ndugu waliokuja kumfariji wakamshauri: mwambie baba amesafiri. Mwambie baba amelala.

Dada zangu, kaka zangu, msimwambie hivyo. Ukisema amesafiri, mtoto atasubiri kila basi na kila bodaboda inayosimama nje. Ukisema amelala, ataogopa kulala, na ataogopa wewe ukilala. Mwambie ukweli kwa maneno madogo: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi. Hatarudi hapa nyumbani. Sisi tunamwombea dua, na tunamwomba Allah atukutanishe naye Peponi." Kesho atauliza tena, kwa sababu akili ya umri wake bado haijaweza kubeba neno "hatarudi". Mjibu tena, maneno yale yale. Ukilia mbele yake si dhambi. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu.

Na hapa nawaomba tuisome Suratudh Dhuhaa kwa makini. Allah anamkumbusha Mtume wake kwamba alikuwa yatima, akapewa hifadhi. Kisha katika aya ya 9 na ya 10 anamwagiza mambo mawili yanayofuatana: yatima asionewe, na mwenye kuuliza asikaripiwe. Wafasiri wamesema mwenye kuuliza ni anayeomba kitu, na wengine wakaingiza na anayeuliza elimu. Neno lililotumika hapo kukataza ukaripiaji ndilo neno lile lile lililotumika katika Suratul Israa aya ya 23 kukataza kuwakaripia wazazi wawili wakizeeka. Neno moja, sehemu mbili: kwa muulizaji na kwa mzazi. Na katika nyumba ile ya mjane, yatima na muulizaji ni mtu mmoja, ana miaka mitatu, amekaa kwenye mkeka anasubiri tende.

Majirani wa nyumba ile, msimwachie mama yule kujibu peke yake. Nendeni mfuturu naye. Mtoto akiuliza, mwingine ajibu leo ili mama apumue. Hiyo nayo ni futari.

*Tufanyeje basi?*

Nitataja machache yanayowezekana hata kwa mwenye njaa.

1. Mpe jibu fupi, la kweli, lenye sababu. Badala ya "mama amefunga", mwambie: "Mama hali mchana kwa sababu Allah ametuambia tusubiri mpaka jua lizame. Jua likizama nitakula na wewe." Hapo amepata nani, nini, mpaka lini.

2. Mwonyeshe. Mtoe nje jioni aone jua linavyoshuka. Mpe kazi ya kusikiliza adhana na kuja kukuambia. Maswahaba walipowafungisha watoto wao siku ya Ashura waliwatengenezea vya kuchezea vya sufi, wakilia njaa wanapewa mpaka ufike wakati wa kufuturu. Hawakuwaacha mikono mitupu.

3. Akirudia, rudia jibu lile lile kwa maneno yale yale. Usibadilishe kila mara, utamchanganya. Mara ya nne mgeuzie: "Wewe unaonaje? Mama hali kwa sababu gani?" Utashangaa, anajua. Alikuwa anataka kukuonyesha kwamba anajua.

4. Usilolijua sema sijui. "Sijui, tutamuuliza bibi." Elimu haikupungui kwa neno hilo. Na ukisema mtauliza, ulizeni.

5. Ukichoka, sema umechoka, usimgeuzie uchovu kuwa kosa lake. "Mama amechoka, tukae kimya kidogo, halafu utaniuliza." Chukua udhu, kaa chini. Na usimtupie simu ili anyamaze. Simu itajibu maswali ambayo hakuuliza.

6. Akiuliza, "Kwa nini rafiki yangu anakula na mama yake, wewe huli?" mjibu kwa heshima. Sisi Moshi tunaishi na Wakristo ukuta kwa ukuta, na kuna miaka ambayo Kwaresima na Ramadhani hukwenda pamoja. Mwambie, "Wao wana namna yao ya kufunga, sisi tuna yetu." Usimjaze mtoto dharau kwa jirani anayetuletea ndizi.

Na neno kwa kina baba. Saa tisa ile ya mama yetu, wewe ulikuwa wapi? Kama upo kazini, Allah akupe baraka. Lakini kama umejilaza kwenye kochi unasema "nimefunga", na yeye aliyeko jikoni amefunga vile vile. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika anatoka kwenda kuswali. Basi mchukue mtoto nusu saa kabla ya magharibi. Kaa naye nje, ujibiwe nawe thawabu zako. Maswali 50 yatakufikia wewe badala ya mama, na ndizi zitamenywa kwa amani.

*Zamu inakuja*

Mwisho kabisa. Katika nyumba zetu nyingi hapa yupo anayerudia maswali kwa upande wa pili wa umri. Bibi anauliza, "Mwanangu, tumeshaswali Adhuhuri?" Unamwambia ndiyo mama. Baada ya dakika tano: "Tumeshaswali Adhuhuri?" Kumbukumbu imechoka. Naye anaambiwa na wenye haraka, "Si nimekwambia!"

Aya ile ya Israa inayofuata, ya 24, inatufundisha tuwaombee wazazi rehema kwa kuwa walitulea tukiwa wadogo. Katika kulea huko kuna "kwa nini" zetu zote ambazo hatuzikumbuki hata moja. Walizijibu wao, juani, wakiwa wamefunga. Na mtoto wako anayekusikia leo ukimjibu bibi yake ndiye atakayekujibu wewe utakapouliza mara ya tano kama umeshaswali Adhuhuri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

*Kazi ya leo:* kabla ya adhana ya magharibi, chagua swali moja ambalo mtoto au mzee wa nyumbani kwako analirudia sana. Lijibu leo ukiwa umekaa chini, macho kwa macho, simu ikiwa mbali. Lijibu kila litakaporudi.

Ee Allah, tunakuomba kila siku yale yale na Wewe hutuchoki. Tupe ndimi laini kwa wadogo zetu na kwa wazee wetu. Walee mayatima wetu kwa rehema zako, watie nguvu kina mama wanaolea peke yao, wasamehe waliotutangulia. Zikubali funga zetu, na watoto wetu uwafanye wenye kuuliza la kheri na kulitenda. Aamiin.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia deni na namna ya kumpa muda mdaiwa. Aliye na swali anitumie, hata kama alishawahi kuliuliza.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.
Imamu wenu, Shirimatunda, Moshi